Mwalimu Seo Alivyokwenda Randburg kwa Kupitia Harusi ya Watu

Nyie watu wa Muheza mna maneno! Nimeweka picha moja tu kwenye status, Mkorea mwenye koti refu jeusi anacheza na bibi aliyejifunga kilemba cha dhahabu, na simu yangu haijapumzika tangu Jumamosi. "Salome, umeolewa na Mchina?" "Salome, huyo bibi ndiye mkweo?" "Salome, kumbe kanisani kwenu Johannesburg mnacheza hivyo?" Kwanza, siyo Mchina. Pili, sijaolewa, siku nikiolewa mtaambiwa na mama yangu, tena kwa kupiga kelele. Tatu, kaeni chini niwaeleze mara moja, maana siwezi kurudia kwa kila mtu, nina vichwa vya watu vya kusuka.

Safari yenyewe ilikuwa ya kutoka Bertrams kwenda Randburg. Hapahapa mjini. Mtu mwenye gari zima na akili timamu akiondoka na chai ya moto, anafika bado inafuka moshi. Sisi tulitoka asubuhi tukafika jioni. Kuna dada mmoja wa kanisani aliondoka siku hiyohiyo kwa ndege, na alikuwa ameshaketi Nairobi anakula kwa mama mkwe wake wakati sisi bado tunaulizana Randburg iko upande gani.

Bertrams, kabla kombi haijawaka

Nianze na Mwalimu Seo mwenyewe. Jina linaandikwa hivyo lakini linatamkwa So, na nyie mliokaa Dar mnajua soo ni balaa, kwa hiyo hata jina lilishatuonya.

Kazi yake ni kuongoza okestra. Wale watu wa fidla na tarumbeta wanakaa nusu duara, yeye anasimama mbele na kifimbo. Alisoma Seoul, akasoma tena Ujerumani, akafanya kazi kwenye okestra tatu za Ulaya, na kote huko alikuwa msaidizi. Usaidizi wenyewe uko hivi: wiki nzima unafanya mazoezi na wapigaji, jasho linakutoka, halafu siku ya onyesho anakuja bwana mkubwa na nywele zake nyeupe, anapunga fimbo, anapigiwa makofi, anapewa maua. Wewe uko nyuma ya pazia umemshikia koti. Mwalimu Seo ameshika makoti ya watu mpaka mvi zimeanza kumtoka yeye.

Johannesburg alikuja kwa kumfuata mke wake, ambaye kampuni yake ilimleta ofisi ya Sandton. Jumapili moja akapotea njia akitafuta uwanja wa Ellis Park, akasikia kwaya yetu inaimba, akaingia akaketi nyuma. Ibada ilipokwisha akauliza mwalimu wa kwaya ni nani. Hatukuwa naye, wetu alikuwa amehamia Canada bila hata kuaga. Jumapili iliyofuata Mkorea akawa wetu.

Mwanzo ulikuwa mgumu, jamani. Kwaya yetu ina Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Watanzania, kila mtu na Kiswahili chake, na yeye Kiingereza chake ni kidogo, akipandwa na mori anakisahau anaingia Kikorea. Anainua fimbo, anahesabu: "Hana!" Sisi tunaangaliana. Papa Bosco, besi wetu kutoka Lubumbashi, anauliza kwa upole, "Nani hana? Hana nini?" Kumbe hana kwa Kikorea ni moja. Akitaka tuanze anapiga kelele, "Kaja!", na upande mzima wa Watanzania unageuka kuangalia mlangoni nani kaja. Kumbe maana yake twende. Akifurahi anasema, "Ne! Ne!", na sisi tunarukia ubeti wa nne. Kumbe ne ni ndiyo tu. Ilituchukua miezi kuzoea, na yeye naye akajifunza Kiswahili kwetu, kidogo cha Papa Bosco, kidogo cha Wakenya, kidogo cha kwangu, ukimsikia huwezi kujua kazaliwa wapi.

Sasa sikilizeni shida ilipo. Mkataba wa mke wake unaisha mwaka huu. Okestra moja ya hapa ilikuwa inatafuta kiongozi, ikampa Mwalimu onyesho moja la majaribio, Jumamosi jioni, ukumbi wa Randburg, bodi nzima imekaa mbele. Sehemu ya pili ya onyesho ni wimbo wa shukrani wa okestra na kwaya, na kwaya akasema ni sisi au hakuna. Akipita, anabaki, na kwa mara ya kwanza maishani mwake yeye ndiye bwana mkubwa. Akikosa, wanarudi Korea, mke wake ameshafunga masanduku, na huko shemeji yake ana duka la kuku wa kukaanga na ameshamshonea aproni. Alinionyesha picha kwenye simu. Aproni nyekundu, jina lake kifuani kwa uzi mweupe. Papa Bosco akajaribu kumtuliza, akasema, "Mwalimu, kuku ni kazi muzuri, batu banakula kila siku." Mwalimu hakusema naye wiki nzima.

Bertrams mpaka kibao cha Randburg

Jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba Mwalimu Seo anaishi Randburg! Kutoka mlangoni kwake mpaka ule ukumbi unavuka barabara mbili. Angelala, angeamka, angekula, angekwenda kwa miguu akipiga mluzi. Lakini hakutuamini. Alisema atakuja mwenyewe Bertrams asubuhi ahakikishe hatuchelewi.

Akatukuta hivi: Papa Bosco anapiga pasi suruali na umeme umekatika, soprano wawili wanagombania wigi moja, na mimi nina kichwa cha dada mmoja, soprano wa tatu, nusu kimesukwa, nusu hakijasukwa. Mwalimu alikuwa tayari na koti lake la mkia, lile refu jeusi, na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akasimama katikati ya chumba akaangalia saa yake, akaangalia wigi, akaangalia saa tena. Tuliogopa kuliko angepiga kelele.

Kombi ilikuwa ya Shabani. Nyie mnamjua Shabani wa Pangani, yule aliyekuwa anauza simu kisha akasema anakwenda Afrika Kusini kuwa tajiri. Utajiri haujafika, ila kombi anayo. Shida ya Shabani ni kwamba anajua Johannesburg ya katikati tu. Ukimtoa mjini kwenda kaskazini anakuwa kama mgeni, na ni mtu ambaye hata umuue haulizi njia.

Nikaketi karibu na Mwalimu kwa sababu mimi ndiye mkalimani wao wote wawili. Hatujatoka hata mtaani kwetu, Mwalimu kichwa begani kwangu, amelala fofofo, mdomo wazi. Mimi nikaendelea kusuka yule dada aliyekaa mbele yangu, chanuo mdomoni, kombi inaruka mashimo na rasta zinatoka zimenyooka, sijui niliwezaje.

Tukafika kwenye barabara kuu, na kibao hicho hapo kikubwa, kimeandikwa Randburg, mshale unaonyesha kushoto. Shabani akapunguza mwendo, akauliza kwa adabu zake za Pangani, "Mwalimu, tutokee hapa?"

Mwalimu, macho yamefungwa, akajibu, "Palli, palli!"

Palli palli kwa Kikorea ni haraka haraka. Kwaya nzima tunajua, ametuimbia hilo neno miezi yote. Shabani hajui, yeye si mwanakwaya, yeye ni dereva.

"Mbali mbali?" akauliza Shabani.

"Ne!" akasema Mwalimu, akakoroma.

"Haya, mbali," akasema Shabani, akakanyaga mafuta.

Najua mtaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa na chanuo mdomoni! Nilisikia "palli palli" nikaona kombi inaongeza mwendo, nikasema afadhali, leo Shabani kaelewa. Ningejuaje?

Kibao cha Randburg mpaka milima ya njano

Aliyeshtuka kwanza ni Papa Bosco. Maghorofa yakaisha, maduka yakaisha, nyasi zikaanza. Kisha ikatokea ile milima ya njano ya mchanga wa machimbo ya dhahabu, imekaa tu mmoja nyuma ya mwingine.

"Shabani," akasema Papa Bosco, "mi naona hii haiko Randburg. Randburg haiko na milima ya muchanga."

"Papa, Mwalimu mwenyewe kasema ni mbali."

"Mbali namna gani? Hivi karibu tunafika kwetu Lubumbashi."

Shabani akaudhika. Mtu wa Pangani akiudhika anakuwa mpole zaidi, ndivyo utakavyomjua. Akasema kwa sauti ya asali kwamba asiyemwamini ateremke. Kisha akaona kibao kingine, akakinyooshea kidole kwa ushindi: "Si hicho hapo? Rand!"

Ilikuwa Rand kweli. Ilikuwa Randfontein. Ile sehemu iliyobaki hakuisoma, alisema ni Kiburu na haimhusu.

Tukasimama kwenye kituo cha mafuta kununua chakula. Kulikuwa na pai za kuku, sandwichi za kuku na mapaja ya kuku kwenye kioo chenye taa. Mwalimu akafumbua macho kidogo, nikamwekea pai mkononi, akainusa. Akaniangalia kama mtoto aliyeonewa, akairudisha na kulala tena. Moyo uliniuma, nawaambia ukweli. Nampenda yule mtu. Amekuja kutoka mwisho wa dunia akatufundisha kuimba sauti nne bila kutudharau hata siku moja, na sisi tumempa pai ya kuku siku ya hukumu yake.

Randfontein, kwenye ukumbi wa maua

Ukumbi tuliupata mara moja. Maua meupe mlangoni, viti vimefungwa vitambaa, watu wamevaa wamependeza, na mama mmoja mnene mwenye shanga shingoni anakimbia kuifuata kombi yetu huku anapunga mikono yote.

"Nyie ndio kwaya?" akauliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Eish! Mmechelewa! Tunawasubiri tangu asubuhi! Ingieni, ingieni!"

Niambieni, nani hapo angeuliza swali la pili? Unaulizwa kama wewe ni kwaya, wewe ni kwaya kweli, umechelewa kweli. Tuliingia mbio. Mwalimu Seo akaamka, nusu bado ndotoni, nywele zimesimama upande mmoja, akashuka na fimbo yake, akaona umati, akainama mpaka kiunoni. Watu wakampigia makofi. Akainama tena.

Tulipopangwa mbele akaniita pembeni. "Salome," akanong'ona, "okestra iko wapi?"

Nikamuuliza yule mama. Akacheka, akatuonyesha kijana mmoja mwenye miwani ya jua amekaa nyuma ya spika mbili kubwa kuliko jokofu. "Huyo hapo DJ!"

Mwalimu alimtazama yule DJ kwa muda mrefu. DJ akamwinulia kidole gumba na kusema, "Sharp, bra," yaani safi, kaka. Basi Mwalimu akakaza shingo ya shati. Nikamwona kabisa anajiambia moyoni kwamba hii ni Afrika Kusini, huenda bodi imehamisha ukumbi na inataka kumjaribu kwa mambo ya kisasa, na mtu mzima hakatai kazi. Akapanda kwenye kreti ya soda. Akainua fimbo.

Ndipo mlango ukafunguliwa nyuma yetu, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Mwalimu alikuwa ameshafumba macho tayari kuanza, akadhani ni vyake. Jamani, ule uso! Hajawahi kupigiwa vigelegele Ulaya nzima. Macho yakamlenga machozi, fimbo ikashuka, "Hana, dul, set, net!", na sisi tukaanza. Tuliimba ule wimbo mkubwa wa onyesho, wote, kuanzia mwanzo, bila fidla hata moja. DJ, Mungu ambariki, akatuwekea ngoma chini yake taratibu. Watu wakaacha viti wakaanza kucheza. Bibi mmoja mwenye kilemba cha dhahabu akamteremsha Mwalimu kwenye kreti akaanza kucheza naye, na yeye huku anacheza, mkono mmoja bado unatuongoza. Hiyo ndiyo picha mliyoiona. Huyo bibi si mkwe wangu wala wa mtu yeyote katika kwaya.

Wimbo ukaisha. Mwalimu amelowa jasho, amefurahi, anatafuta bodi kwa macho. Akaona bango kubwa ukutani lenye mioyo miwili na majina ya watu.

"Salome," akasema, "Lerato ni nani?"

Nikageuka. Bibi harusi alikuwa amesimama nyuma yetu na shela lake lote, amepiga makofi mpaka glavu zimemtoka.

"Samahani, mama," nikamuuliza yule mwenye shanga, "hapa si Randburg?"

"Randburg? Hapana, dada yangu! Hapa Randfontein. Randburg ni huko mlikotoka."

Nilimtafsiria Mwalimu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Aigo," yaani ole wangu, kwa sauti ndogo, akakaa juu ya kreti ya soda. Jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa madirisha. Papa Bosco akamwendea Shabani akamshika kola, na sisi wa alto tukawaachanisha. Shabani anarudia tu, "Yeye mwenyewe kasema mbali! Muulizeni! Kasema mbali mara mbili!"

Kutoka harusini, jambo ambalo halikuwa rahisi

Kombi ilikuwa imezibwa. Nyuma yake kulikuwa na gari moja refu jeusi la kukodi, lina riboni, na mwenye funguo ni mjomba wa bwana harusi, na mjomba ndiyo kwanza amepewa kipaza sauti.

Mnawajua wajomba. Huyu alianza na babu wa babu yake alivyohamisha ng'ombe. Kila nikimkaribia kumwomba funguo ananitolea mkono nisubiri, anaendelea. Akafika kwenye ukame. Akafika kwenye ndugu waliokosana kwa ajili ya fahali mmoja. Yule mama mwenye shanga akaninong'oneza kwamba kwenye harusi iliyopita alizungumza mpaka keki ikayeyuka, na kwamba hakuna mtu wa ukoo huo mwenye ruhusa ya kumkatiza.

Mwalimu Seo akasimama. Akatembea polepole mpaka mbele ya mjomba, akasimama mahali ambapo mjomba hawezi kutomwona, akainua mikono yote miwili. Mjomba akapandisha sauti bila kujua. Mwalimu akainua zaidi. Mjomba naye akazidi, mishipa imemtoka, ng'ombe wanapita mtoni, ukumbi umetulia tuli. Kisha Mwalimu akazungusha mkono hewani na kufumba ngumi.

Mjomba akanyamaza. Neno lilikatika katikati, hata ng'ombe hawakufika ng'ambo. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, watu wamesimama, bibi harusi analia kwa kicheko, na mjomba mwenyewe akatabasamu akainama, akaamini hakika ndio mwisho mzuri kuliko yote aliyowahi kutoa. Funguo akanipa kwa mkono wake mwenyewe.

Wakatufungashia chakula kwenye karatasi za foili. Sihitaji kuwaambia ni nini.

Randfontein mpaka kwenye roboti iliyokufa

Njiani Shabani alisoma kila kibao kwa sauti, mpaka herufi ya mwisho. Mimi nilipiga simu ya ukumbini, nikaambiwa okestra itaanza na vipande vyake vya kwanza chini ya mpigaji fidla mkuu, lakini kama Mwalimu hatakuwepo sehemu ya pili, basi bodi haitakuwa na cha kujadili. Maneno hayohayo. Nikamtafsiria. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuongoza hewani na macho amefumba.

Tumekaribia Randburg kabisa, roboti za barabarani, ndivyo huku wanavyoita taa za kuongozea magari, zimezimika, umeme hakuna. Magari kutoka pande zote nne yameingiliana pua kwa pua. Mwalimu akafungua mlango akaruka. Koti la mkia, fimbo mkononi, akasimama katikati ya makutano akaanza kuyaongoza magari.

Nyie mnafikiri magari yalimtii? Walimpigia honi wale watu! Jamaa mmoja alitoa kichwa dirishani akamwambia aende akafanye mazingaombwe yake ya kutoa sungura kwenye kofia. Halafu akatokea mtu mmoja amevaa fulana ya kung'aa na kofia ya sufu, mbio, amekasirika kwelikweli.

"Wewe! Toka! Hii kona yangu! Mimi nafanya kazi hapa! Miaka yote mimi ndiye roboti hapa!"

Mwalimu akamwangalia. Akaelewa, ingawa sidhani kama alielewa maneno. Akarudi hatua moja, akainama mbele yake mpaka kiunoni, katikati ya honi zote zile, akakaa hivyohivyo ameinama. Yule bwana akashusha mkono. Nadhani hakuwa amewahi kuinamiwa na mtu mwenye koti la mkia. Akajikohoza, akanyoosha fulana yake, akasimamisha pande tatu zote kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaipitisha kombi yetu peke yake, polepole.

Randburg, mbele ya bodi

Tuliingia kwa mlango wa nyuma wakati makofi ya sehemu ya kwanza yanaisha. Hakuna aliyepata muda wa kuosha uso. Mwalimu alikuwa na maua madogo ya karatasi kwenye nywele, yale ya kumwagia maharusi, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Papa Bosco alikuwa na paja la kuku mfuko wa ndani. Shabani, kwa kuwa hana pa kwenda, akaketi kiti cha kwanza mbele, bega kwa bega na bodi.

Mwalimu akapanda jukwaani. Mimi nilikuwa safu ya pili, naona mikono yake. Fidla zikaanza, chini chini, halafu tarumbeta, zikapanda, zikapanda, tukakaribia mahali kwaya inapoingia. Mwalimu akatugeukia, akatutazama mmoja mmoja, na kwa mdomo, bila kukusudia, sauti ikamtoka kwenye ule ukimya mfupi kabla hatujaanza: "Kaja!"

Na Shabani, mbele ya bodi nzima, akageuka kutazama mlango akasema kwa sauti ya Pangani, "Nani kaja?"

Tuliingia wote tunacheka. Nawaambia kweli, kwaya nzima ilianza ile sauti ya kwanza ikiwa imejaa kicheko, na hatukuweza kukizima, kikaingia kwenye wimbo. Nilimwona Mwalimu anashtuka, halafu anatabasamu, halafu anaomba zaidi kwa mkono wa kushoto. Wimbo ule wa shukrani tulikuwa tunauimba kwa hofu tangu tulipoufundishwa. Jioni ile tuliuimba kama watu wenye shukrani. Tulikuwa tumeshauimba mchana, tumekula, tumecheza, tumepotea, tumefika. Ulipokwisha, watu wakasimama. Mwalimu alitafuta kwa mazoea nyuma yake, kama kuna mtu wa kumpisha. Hakukuwa na mtu.

Nyuma ya jukwaa, mpaka chini ya dirisha lake

Mwenyekiti wa bodi alikuwa bibi mmoja mrefu, miwani imening'inia kwa mnyororo. Akatufuata nyuma ya jukwaa, akampa Mwalimu mkono. Mwalimu hawezi kusema, anainama tu, ameshikwa na kwikwi. Basi bibi akanigeukia mimi.

"Mwambie tunamtaka," akasema. "Tulifikiria mwaka mmoja kwanza, tuone. Yeye mwenyewe anafikiriaje?"

Nikamgeukia Mwalimu. Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, umefurahi?"

"Ne!" akasema Mwalimu Seo. "Ne! Ne!"

Nikamgeukia bibi. "Amesema nne."

"Minne?"

"Amerudia mara tatu, mama."

Papa Bosco nyuma yangu akaanza kukohoa. Bibi akavaa miwani, akamtazama Mwalimu kuanzia maua ya nywele mpaka viatu, akawatazama wenzake, akaanza kucheka. "Angalau anajua anachotaka," akasema. "Haya. Minne." Akampa mkono tena, na Mwalimu, ambaye kwa furaha Kiingereza chake kidogo kilikuwa kimemtoka na hajui kinachoendelea, akainama mara nyingine.

Tulimsindikiza kwa miguu, kwaya nzima na Shabani, tukavuka zile barabara mbili. Njiani nikamwambia. Alisimama katikati ya kivuko cha pundamilia. "Lakini mimi nilisema ndiyo," akasema.

"Kwa Kikorea ulisema ndiyo," nikamwambia. "Mimi niliulizwa na mzungu, nikaisikia kwa Kiswahili: nne."

Mke wake hakuwa amekuja ukumbini. Kila alipohudhuria onyesho la majaribio, Mwalimu alikosa kazi, wakakubaliana akae nyumbani. Wanakaa ghorofa ya kwanza, na alikuwa amesimama dirishani amekunja mikono, anasubiri hivyo sijui tangu saa ngapi. Mwalimu hakuweza kuita, kwikwi haikumwachia. Akainua mkono juu, vidole vinne.

Yule mama akauliza kitu kwa Kikorea. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Mama akatoweka dirishani.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Ameuliza kama afungue masanduku."

Dirisha lilikuwa wazi, na tukasikia zipu. Zipu moja ndefu, halafu nyingine, halafu nyingine. Mwalimu Seo akakaa kwenye ukingo wa barabara na koti lake la mkia, akafunika uso kwa mikono, akalia, na sisi tukakaa naye.